Ukungu Usoni mwa Simba

Mwanangu Tima,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha ghafla cha chupa ya mama yako ya kutolea rangi ya kucha, kilichotokea leo baada ya adhuhuri hapa dukani. Jumatatu marehemu alikuwa amejaa hadi shingoni. Ameacha kifuniko kimoja, nusu mfuko wa pamba, na mume wa mwenye chupa, ambaye ndiye mshukiwa wa pekee. Mazishi yamekwisha kufanyika katika pipa la taka lililo chini ya ngazi. Habari ziwafikie jamaa wote isipokuwa mama yako, mpaka nitakapopata kununua nyingine.

Nakuona unavyosoma. Umekunja uso, umesema, "Zii, huyu mzee ameanza." Kweli nimeanza. Nimeanza na hii kwa sababu ndiyo habari nyepesi kuliko zote nilizo nazo leo, na hata hiyo, ukifika mbele, utaona ina uzito wake.

Mama yako anajua nimekuja mjini kununua kufuli la sanduku lako. Kufuli ninalo mfukoni tangu saa nne asubuhi. Nimeteremsha mlango wa chuma nusu ili wateja wadhani nimekwenda kuswali, nimewasha taa ya kazi, na naandika juu ya kioo cha meza ileile uliyokuwa ukifanyia hesabu za shule huku unakula viazi karai, ukiniachia alama za vidole nifute kila jioni. Mambo ya sweta, ya kutozungumza na kila mtu, na ya kupiga simu ukifika, nimemwachia yeye. Ameyasema mara nyingi hata mimi nimeanza kuvaa sweta.

Unakwenda Uingereza kujifunza kupima sarafu, kazi ambayo baba yako ameiigiza miaka ishirini bila cheti. Hapa dukani kipimo cha sarafu ni mimi. Nikiuza, ni "nzuri sana, hii huipati tena." Nikinunua, ni "imechoka hii, mama, lakini kwa sababu ni wewe." Huko Uingereza sivyo. Ulinisomea mwenyewe siku ile tulipokaa saiba mbele ya kompyuta ya kukodi, mimi nimeshika miwani kwa mkono kwa sababu mguu mmoja umevunjika. Watu watatu, kila mmoja peke yake chini ya taa, wanaishika sarafu kwa ukingo, wanaigeuza taratibu, kisha kila mmoja anaandika nambari yake, kuanzia moja hadi sabini, bila kumwonyesha mwenzake. Halafu sarafu inafungiwa ndani ya plastiki ngumu na nambari yake juu. Ila kama uso wake umechezewa, umesuguliwa au umepakwa kitu, haipewi nambari. Inaandikiwa maneno. Maneno yale yanafungiwa humo pamoja nayo, na jina la aliyeileta linabaki kwenye vitabu vyao.

"Ona, Baba," ukaniambia, macho yanacheka. "Hawa hawadanganyiki."

Mimi nilisikia baridi mgongoni. Nikamwambia kijana wa saiba apunguze feni. Akanijibu, "Feni haiwaki, mzee."

Nimefanya makosa mengi juu ya meza hii, Tima, na mengine tumeyacheka pamoja. Unakumbuka mifuko laini ya plastiki? Nilinunua gunia zima, ile ya kuwekea vitambulisho, nikazivisha sarafu zangu zote moja moja kama watoto wanaokwenda madrasa. Nilijiona mtaalamu. Baada ya miaka miwili nikafungua droo nikakuta zinatoa kamasi la kijani. Plastiki ile ilikuwa ikitoa jasho lake taratibu, ikila shaba. Nilikaa chini nikaomboleza, na wewe ukasema, "Si ulizifunika ndiyo zisiumie?" Ndivyo hasa. Lakini kosa lile lilikuwa na dawa. Tone la asetoni safi kutoka duka la kemikali, bila kusugua, utando unayeyuka na sarafu iliyo chini ni ileile uliyoiacha, kama hujachelewa. Utando wa namna hiyo siuogopi tena.

Ninaouogopa ni ule mtu anaoupaka kwa makusudi, kwa sababu huo ukitoka, kinachobaki chini ni kile alichotaka kuficha.

Sasa nije kwa Mzee Kamande.

Wewe humwita guka, babu kwa lugha ya kwao, naye hufurahi kama aliyepewa ng'ombe. Hakuna mteja wa zamani kumzidi. Ana nyumba kubwa kule Karen, miti mingi kuliko watu, na bado anapanda ngazi zetu na kofia yake ya sufu akitweta ili tu aulize, "Athumani, umenipatia nini?" Unajua alichokuwa akitafuta miaka yote. Baba yake, alipopata mshahara wake wa kwanza shambani, alirudi nyumbani na shilingi moja ya mkoloni, ile yenye simba amesimama mbele ya milima, akawaonyesha watoto kabla haijaenda kununua unga. Kamande alikuwa mdogo, aliishika kidogo tu. Tangu hapo akawa anatafuta moja kama ile, yenye kila unywele wa simba.

Ni mimi niliyempatia. Wewe unasimulia ni wewe uliyemuuzia, na kila arusi ya ukoo huu lazima uisimulie. Hata kwenye barua yako ya kuomba kazi umeiandika: kwamba tangu una miaka kumi na mmoja ulijua sarafu haioshwi, na ulimwambia hivyo mteja mzee na akakuamini. Nilikusahihishia barua ile. Nilisahihisha nukta na mikato, nikafika kwenye aya hiyo, nikaipita.

Mwaka jana Kamande alinipigia simu.

"Athumani, hii simba yangu imeanza kuona ukungu."

"Ukungu gani, mzee?"

"Kama ile ya kwa dirisha asubuhi. Iko hapa kwa uso, inashuka mpaka kwa mguu. Nafikiri ni hii baridi ya Karen. Si unajua miti ni mingi?"

"Itakuwa ni baridi, mzee," nikasema. Nililisema haraka mno, kabla hajamaliza lake.

Tangu siku hiyo simba yule ananifuata. Nikiwa nakunywa chai namwona huko Karen ndani ya kasha lake la mbao, amelala gizani, ukungu unapanda mguuni, kifuani, hauna haraka. Nilijiambia mzee ana miaka themanini, macho yake yanachoka, labda ukungu utamkuta haoni tena. Hayo ndiyo mawazo ya baba yako. Nayaandika ili uyaone.

Halafu wiki mbili zilizopita akaingia dukani, na wewe ukiwepo, amekunjua uso.

"Sasa tuko na mtu wetu huko! Tima atanibebea hizi zangu zote kwa mkono. Mtu mwingine siamini. Na hii ya simba ndiyo ya kwanza, aandike jina yake hapo kwa fomu, ati imeletwa na Tima. Wakipangusa hiyo ukungu, wataona vile iko safi huko chini."

Ukasema, "Nitaibeba kwa begi ya mkononi, guka. Haitatoka machoni mwangu."

Mimi nikajifanya natafuta risiti chini ya meza. Nilikaa huko chini muda mrefu mpaka ukauliza kama nimezirai.

Sanduku la sarafu za mzee linakuja nyumbani kesho saa tatu asubuhi. Na simba aliye ndani yake amepakwa mafuta, Tima. Aliyempaka ni mimi.

Nimeishika kalamu muda mrefu baada ya kuandika sentensi hiyo. Huko nje watu wanashuka ngazi, fundi saa wa chumba cha pili anamdhihaki mtu kuhusu mpira. Hakuna kilichoanguka. Nilidhani kitu kingeanguka.

Basi nikueleze ilivyoanza. Unaikumbuka Idd ya maharagwe. Wewe huitaja kwa kicheko: tulikwenda wote soko la mifugo la Dagoretti kununua mbuzi, tukarudi na beberu mwenye pua inayometa kama kiatu cha polisi, na alfajiri ya Idd tukamkuta amekufa kabla kisu hakijamgusa. Tukala wali kwa maharagwe na majirani wakatuonea huruma. Usichojua ni kwamba nilimwona dalali. Mbuzi mgonjwa pua yake hukauka, kila mnunuzi anajua. Yule bwana alichovya kidole katika chupa, akampitishia mbuzi puani, kisha akanigeukia na kucheka: "Angalia pua, mzee. Hiyo ni afya." Nilikiona kidole chake kikiwa bado na mafuta, nikajiambia nimekosea kuona, kwa sababu bei ilikuwa nzuri.

Wiki hiyohiyo mama mmoja anayeuza matumbo karibu na machinjio aliniletea shilingi ya simba. Ilikuwa imekaa miaka mingi katika mkebe wa mafuta ya kupikia, nyeusi, imeshikwa na mafuta makavu na masizi. Nilipoiinamisha chini ya taa nikamwona simba chini ya uchafu ule, mzima, kila unywele wake. Mwaka wake ni wa zile zisizoonekana. Nikamlipa yule mama kwa haki, hilo naweza kulisema.

Kilichotakiwa ni tone la asetoni na subira. Lakini ilikuwa siku ya mwisho kabla ya Idd. Ukumbini mama yako na shangazi yako walikuwa wanasugua masinia, buli na birika la shaba kwa majivu na ndimu, kama alivyokuwa akisugua marehemu mama yangu kule Mombasa. Yeye alikuwa akisema kitu kisichong'aa hakijaoga. Nami, mtu mzima, mwenye lenzi shingoni, niliyekufundisha usiguse sarafu ila kwa ukingo, nikachota majivu kwa vidole viwili, nikakamua ndimu, nikamsugua simba.

Aling'aa. Lo, aling'aa kama sufuria ya arusi! Nilimpeleka dirishani kumwonyesha jua, na jua likanionyesha mikwaruzo, myembamba kama nywele, mamia, inapita usoni, tumboni, juu ya milima. Ngozi yake ya miaka sitini na zaidi nilikuwa nimeimaliza kwa muda wa kukaanga yai.

Kesho yake mbuzi akafa. Mwenye akili angejifunza kuogopa madalali. Mimi nilikaa mbele ya sahani ya maharagwe nikakumbuka kidole cha yule bwana. Nilikuwa nimesikia kwamba wajanja wa biashara hii hupitisha kidole gumba ubavuni mwa pua, kisha juu ya sarafu, mafuta yakajaza mikwaruzo na jicho likapita bila kuona. Nawe unaijua pua ya baba yako. Mama yako huiita tawi la pili la duka. Haikunipungukia. Na ilipoonekana haitoshi, niliongeza mafuta ya kujipaka, kidogo, nikapangusa kwa kitambaa cha miwani. Simba akawa na sura ya upole. Uongo mzuri haumeti, Tima. Unatulia.

Ningependa kukuambia ni huyo mmoja tu. Nilizipaka nyingine tatu, nikaona haya, nikazitupa nyuma ya droo ya chini. Wiki hii nimezitoa. Zote tatu zina ukungu mweupe, mzito, kama jicho la mzee. Ndiyo maana nikaichukua chupa ya mama yako, nayo ni asetoni. Usiwaambie huko, ile dawa ina manukato na mafuta yake yenyewe, wakisikia baba yako ameitumia kwenye sarafu watakurudisha kwa ndege ileile. Lakini nilitaka kujua watakachoona. Nikadondosha, nikasubiri, nikainua. Ukungu uliondoka mara moja, kama haukuwahi kuwepo, na mikwaruzo ikapanda kutoka chini, mstari kwa mstari, mikali kuliko nilivyoikumbuka. Nilirudia mpaka chupa ikaisha. Sijui nilikuwa natumaini nini.

Jumapili mlikuwa kibarazani, wewe na mama yako, umempaka kuchani rangi ile nyekundu ya kukuaga. Alasiri ilipoingia akaanza kuitoa kwa pamba, akilalamika.

"Si iache tu leo, Mama," ukamwambia. "Ni safu nyembamba tu."

"Nyembamba au nene, maji hayapiti," akasema. "Udhu hauwi."

Mkacheka. Mimi nilikuwa kitini na kikombe cha chai, na ile harufu ya asetoni ikanifika, nikakiweka kikombe chini. Mama yako akaniuliza, "Baba Tima, mbona umekuwa kama mtu aliyeitwa?" Nikamwambia chai ina moto.

Sasa fikiria ukiibeba. Utalifungua sanduku mbele ya wakubwa wako wapya, utaandika jina lako, na simba atakwenda chini ya taa yao. Hawatakuwa na haraka. Watamwandikia Mzee Kamande yale maneno, naye atauliza imekuwaje, kisha atakumbuka aliyemhakikishia. Atasema ni binti mmoja wa Nairobi. Na binti mwenyewe atakuwa ameketi meza ya tatu kutoka mlangoni, ndiye aliyeileta, na aliandika kwenye barua yake ya kazi kwamba anaijua. Hawatakuwa na namna ya kuamini hukujua. Mimi mwenyewe, kama nisingekuwa mimi, nisingeamini.

Nimepanga hivi. Kesho mzee akiketi, kabla sanduku halijavuka meza, nitamwambia. Najijua, nitaanza na habari za mvua, nitamuuliza miti yake, nitakwenda jikoni kutafuta sukari iliyo mbele yangu. Ukiona nimerudi mara ya pili na sukari, usilipokee lile sanduku. Kaa mikono mapajani, sema, "Guka, Baba ana neno." Mengine nitalazimika kuyasema.

Sijui atafanya nini. Ndiye aliyekuandikia barua ya kukusifu kwa wale watu, na aliyeandika moja anaweza kuandika ya pili. Inawezekana ukafika huko ukakuta mlango umefungwa kwa sababu ya baba yako. Nimelipima hilo wiki nzima na halipungui. Ila mlango huo ukifungwa, utafungwa kwa jina langu. Jina lako utakuwa nalo mkononi, safi, ulipeleke pengine.

Barua hii nitakupa jioni, mkononi, pamoja na kufuli. Isome kabla hujalala. Na kwa kuwa wewe ndiye utakayeulizwa, na kwa kuwa umeisimulia arusini mara nyingi kwa namna yako, hivi ndivyo ilivyokuwa hasa.

Ilikuwa wiki moja baada ya Idd, alasiri. Mafuta yalikuwa yameanza kukauka usoni mwa simba, kwa hiyo nilikuwa nampaka tena. Nikasikia viatu vyako kwenye ngazi, nikaurudisha mkono nyuma. Ukaingia na soksi zimeshuka, ukakaa hapa nilipokaa, ukafungua viazi vyako. Kamande akaja nyuma yako, hata hujamaliza kiazi cha kwanza. Nikamwekea simba juu ya kitambaa. Akaitazama kwa lenzi muda mrefu, akaipeleka dirishani, akairudisha. Kuna kitu kilimsumbua. Akasema, "Athumani, niambie ukweli. Hii imeoshwa?"

Nilifungua mdomo. Mpaka leo sijui kingetoka nini.

Ukasema wewe, mdomo umejaa: "Babangu haoshi sarafu, guka. Akiona mtu ameosha sarafu anaugua. Hata mimi hanikubalii niguse."

Kamande akavua miwani. Hakunitazama mimi, alikutazama wewe. Akacheka, akasema, "Basi imeisha. Mtoto hawezi kuniuzia uongo."

Wewe hukusema uongo. Ulisema nilichokufundisha. Ukanigeukia uone kama umesema vizuri, nami nikaitikia kwa kichwa, nikakushika bega kukupongeza, mbele yake, kwa mkono uleule. Ukaenda nyumbani na alama ya kidole gumba kwenye shati lako jeupe la shule. Mama yako aliifua mara mbili, akakugombeza kwa ajili ya viazi karai, ukalia ukasema si viazi. Nilikuwa nimekaa hapo hapo, nasikia, nikanyamaza.

Baba yako,
Athumani